Kaburi la Yago

Babu yangu mzaa baba ni tunda. Sisemi hivi kuchekesha. Ukitoka Katito ukashuka upande wa ziwani, kwenye shamba letu kuna kaburi moja fupi kuliko mengine, na ndani yake hamna mtu. Kuna tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia mtini kama soseji kubwa. Kwetu sisi Wajaluo, mtu akipotea na mwili usipatikane, yago huzikwa mahali pake. Watu hulililia, hulifukia, halafu hurudi nyumbani wakijua kwamba mtu wao amelala. Nimelipalilia kaburi hilo tangu nikiwa na miaka sita. Nilikuwa na hofu kwamba siku moja litaota.

Mwenye kaburi alichukuliwa na Waingereza wakati walipokuwa wakipigana na Wajerumani kwa mara ya kwanza. Hakwenda kupigana. Alikwenda kubeba. Watu wa chifu walimkuta shambani asubuhi, wakamfunga kamba kiunoni pamoja na wenzake watano, wakawapeleka Kisumu. Alikuwa ameoa msimu mmoja tu uliopita. Leo watu wananunua viazi na mitumba Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, na sidhani wengi wanajua kwamba hilo ni jina la jeshi la watu kama yeye, waliobebeshwa risasi, biskuti na viti vya maofisa mpaka wakaanguka.

Kati ya wale sita alirudi mmoja, mtu wa boma la jirani, akiwa amekonda hata mama yake akamkataa mlangoni. Alisema babu yangu aliachwa kando ya njia ng'ambo ya mto Rufiji, tumbo likimwendesha damu. Alikuwa hai bado. Mzigo wake uligawiwa wengine wawili, na mzigo ulifika. Bibi yangu alikuwa akisimulia mpaka hapo na kurudia maneno hayo mawili, kwamba mzigo ulifika, kisha anachukua ungo wake na kuendelea na kazi.

Bibi alimngoja miaka mingi. Wakwe wakachoka kungoja kabla yake, wakazika yago. Baadaye, kama ilivyokuwa desturi, akarithiwa na shemeji yake, mdogo wa marehemu, na baba yangu akazaliwa zaidi ya miaka kumi na tano baada ya vita kwisha. Sasa hapa lazima nieleze vizuri, maana ndipo nilipoharibu. Kwetu mtoto anayezaliwa hivyo si wa aliyerithi. Ni wa aliyekufa. Baba alipewa jina la yule wa Rufiji, akapewa shamba lake, akapewa kaburi lake la kulipalilia. Yule shemeji aliyemzaa alikuwa akija na samaki jioni, akimwita baba yangu "mtoto wa kaka." Hakuna siku alimwita mwanangu. Alikuwa akimzalia kaka yake, na kila mtu pale bomani alijua hivyo, wala hakuna aliyeona ajabu.

Baba alikua akijiita mwana wa mtu aliyekwenda na Waingereza. Alipokuwa kijana akapata kazi kwao, kwenye karakana ya reli pale Kisumu, miaka michache kabla ya Uhuru. Aliyaona yao kwa karibu. Walikuwa wamelipa ziwa letu jina la malkia wao, ambaye hakuwahi kuchovya hata kidole humu, na mji wenyewe kwa muda wakauita kwa jina la mke wa mtu wao mmoja wa reli. Baba hakuwachukia kama ninavyowachukia mimi. Alichowavulia kofia ni uandishi. Kila boliti iliandikwa. Kila tone la mafuta liliandikwa. "Mzungu akishaandika, jambo limekuwepo," alikuwa akisema, na karatasi zake zote, tangu kadi ya ubatizo hadi barua ya kustaafu, alizihifadhi kwenye kopo la biskuti lenye kutu. Kilichomuuma maisha yake yote ni kwamba watu hao walioandika boliti hawakumwandika baba yake.

Mimi ni mwalimu. Nilistaafu, lakini mwalimu hastaafu mdomo. Nilifundisha Kiingereza kwenye shule za msingi za Kisumu kwa miaka thelathini na kidogo, na nakiri kwamba niliwavisha watoto kibao shingoni kwa kosa la kusema Dholuo, lugha yetu, uwanjani, kama nilivyovishwa mimi. Naishi Kaloleni, kwenye nyumba za zamani za baraza la mji. Mume wangu alipofariki, wakwe zangu walitaka nirithiwe na binamu yake. Nilikataa. Nilisema ni ushenzi, kanisa limeukataza, nami sikusomeshwa ili nigawiwe kama ng'ombe. Ukoo mzima ulinuna. Baba peke yake alisimama upande wangu. Alikuja na fimbo yake, akawaambia, "Mwacheni. Amesema hataki." Sikufikiria wakati ule kwamba alikuwa anatetea haki yangu ya kukataa kitu kilekile kilichomleta yeye duniani.

Alipokaribia miaka tisini, moyo ukaanza kumsumbua, nikamleta Kaloleni awe karibu na daktari. Alilala chumba cha mbele, redio kichwani. Alikuwa akinitania kwa kuniita Mwalimu. "Mwalimu, chai hii imefeli mtihani." Tulikuwa na furaha zetu ndogo, sitaki ionekane kwamba tuliishi kwa vilio.

Jumapili moja lilitolewa tangazo kanisani. Kikundi fulani cha watu kutoka Uingereza, wastaafu wa kujitolea, wakishirikiana na wanafunzi wa chuo kikuu, walikuwa wanakusanya majina ya wapagazi wa pwani hii ya ziwa waliopotea vitani. Majina yatachongwa kwenye ukuta wa mawe, na maelezo ya kila mmoja yataandikwa katika kitabu. Nakala moja ya kitabu itabaki Kisumu, nyingine itawekwa kwao. Familia zenye mtu zije ukumbini, Jumatano.

Nilipomwambia baba alizima redio. Hakuwahi kuizima kabla ya taarifa ya habari.

"Wataandika jina lake?" akauliza.

"Wataandika."

"Kwa kitabu cha kwao?"

"Cha kwao na cha huku."

Akaniomba nimletee kopo lake. Daktari alikuwa ameshaniambia kando kwamba moyo ule haukuwa na safari ndefu, na nadhani baba alijua bila kuambiwa. Alitaka kitu kimoja tu. Alitaka, kabla hajafa, asikie Waingereza wakikiri kwamba baba yake alikuwepo na kwamba aliacha mwana. Alinieleza hivyo waziwazi, akinihesabia kwa vidole, vidole viwili.

Jumatano tulikwenda. Alivaa suti ya kijivu, ikampwaya. Mezani alikuwepo Mwingereza mmoja mwenye nywele nyeupe, shingo imeungua na jua, na kando yake msichana wa chuo aliyekulia mtaa wa Obunga hapahapa Kisumu, akiandika kwenye kompyuta. Mzungu akasimama kumsalimu baba kwa Dholuo alichokariri, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Alikuwa mtu mwema. Nalisema hili kwa uchungu, maana angekuwa mkali ningejua la kufanya.

Baba alieleza yote, nami nikatafsiri. Shamba, kamba kiunoni, Rufiji, mzigo uliofika. Mzungu aliandika kwa penseli, mara kwa mara akifuta miwani yake. Kisha akauliza, huyu mzee ni nani kwa marehemu?

"Mimi ni mwanawe," baba akasema. Nikatafsiri.

Mzungu akaomba kitambulisho. Akatazama mwaka wa kuzaliwa. Niliiona penseli ikisimama, kisha ikiandika namba mbili pembeni mwa karatasi, moja juu ya nyingine, na kutoa. Akaniinulia macho mimi, si baba, akasema kwa sauti ya chini, kwa ile adabu yao, kwamba huenda kuna kosa mahali. Marehemu alipotea vitani. Mzee alizaliwa muda mrefu baadaye. Je, labda ni mjukuu?

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi yangu. Ningeweza kumgeukia baba nikamtafsiria swali, naye angejibu mwenyewe, kwa saa nzima ikibidi, na yule mzungu angalau angelazimika kumsikiliza. Ningeweza kusema kwamba kwetu ndivyo ilivyo, andika mwana. Sikufanya hata moja. Uso ulinipanda moto. Niliona aibu, mimi, mwalimu wa Kiingereza, kukaa mbele ya Mwingereza nikieleza habari za wajane kurithiwa. Niliona kama jibu letu limesahihishwa kwa wino mwekundu mbele ya darasa, na kama mwanafunzi wangu mwenyewe, nikatoa haraka jibu ambalo mwalimu alilitaka. Nikasema kwa Kiingereza, sentensi moja fupi, sarufi safi kabisa, kwamba aliyemzaa hasa ni ndugu wa marehemu, baada ya vita.

"Ah," mzungu akasema, akatulia kama mtu aliyepata ufunguo. "Kwa hiyo ni mtoto wa ndugu yake."

"Ndiyo."

Yule msichana aliacha kuandika. Alinitazama. Alikuwa Mjaluo, alijua. Mimi ni mkubwa kwake, ningekuwa mama yake, kwa hiyo akateremsha macho, akaandika.

"Anasema nini?" baba akauliza.

"Anathibitisha tu miaka," nikamwambia.

Baba akatia sahihi yake ya karakana, ile ya herufi zilizosimama wima, chini ya maneno ambayo hakuweza kuyasoma. Alijua Kiingereza cha amri, cha njoo na inua na weka hapa, si zaidi. Nje alinishika mkono. Aliniambia, "Asante, nyara. Bila wewe ningewaambiaje?" Nyara ni mwanangu wa kike. Nilijiambia kwamba cha muhimu ni jina kuingia, mengine ni ya kujaza fomu tu. Nilijiambia hivyo miezi mitatu.

Miezi hiyo mitatu alikuwa mtu mwingine. Alikula. Aliwaeleza majirani wote wa mstari wetu, hata muuza mkaa, kwamba baba yake anaingia kitabuni. Alituma ujumbe shambani kaburi la yago lisafishwe, na ndugu yangu akapiga picha ya kaburi safi lisilo na jani akaituma kwenye simu yangu. Baba aliitazama picha hiyo kila asubuhi kabla ya dawa. Mimi nilikuwa nikimpa dawa na maji huku nikitazama pembeni.

Siku ya ukuta walitandaza turubai karibu na ziwa. Kulikuwa na kwaya, kulikuwa na maji ya chupa, kulikuwa na hotuba tatu za kusifu kubeba, zilizotolewa na watu ambao hawajawahi kubeba. Familia zilikaa mbele. Kisha wakaanza kusoma kitabu: mzungu kwa Kiingereza, msichana wa Obunga kwa Dholuo. Walikuwa wanasoma jina, kijiji, na aliyelileta jina.

Nilipowasikia wakisoma la kwanza hivyo nilijua kinachokuja. Nilifikiria kumwambia baba twende, nimejisikia vibaya, na nikajua hatakubali. Majina yalikuwa yakisomwa polepole, kwa heshima, na kila mwana au binti au mjukuu aliyetajwa alisimama kidogo, watu wakapiga makofi.

Mzungu akasoma jina la babu. Baba hakuelewa kilichofuata, lakini jina alilitambua, akaanza kuinuka kwa fimbo yake. Alikuwa amesimama wima tayari, kofia mkononi, msichana aliposoma kwa Dholuo. Alisoma kilichoandikwa. Jina, kijiji chetu, na kwamba jina limeletwa na mtoto wa ndugu yake.

Makofi yakapigwa. Baba hakukaa. Alisimama pale mpaka makofi yakaisha na jina lingine likasomwa na mtu mwingine akasimama. Nilimvuta koti.

"Nipeleke nyumbani," akasema.

"Baba, bado hujagusa jina. Liko pale ukutani."

"Nipeleke nyumbani, Mwalimu."

Siku nne hakunisemesha. Alikula nusu. Redio ilibaki imezimwa. Siku ya tano nilikuwa nachambua omena, dagaa wa ziwa letu, mlangoni pake, alipoanza kuzungumza bila kunitazama. Sauti yake haikuwa ya hasira, na ndiyo maana bado naisikia.

"Waingereza walimchukua baba," akasema. "Mimi hawakunichukua. Nilikuwa sijazaliwa. Mama yangu, na yule baba mdogo, na ukoo wote, walifanya kazi kubwa ili yule mtu asipotee. Wakamtafutia kaburi. Wakamtafutia mwana. Alikuwa na mwana mpaka wiki iliyopita."

Nilimwambia nilikosea. Nilimwambia niliogopa wangemkataa kabisa. Nilimwambia hesabu ya miaka ilikuwa mbele ya macho ya yule mtu, ningefanyaje?

"Hata mimi hesabu naijua," akasema. "Unafikiri nilikuwa sijui?"

Usiniulize kama nililia. Nililia nikiwa na omena vidoleni, nikajipaka usoni. Usiku uleule niliandika barua pepe kwa yule Mwingereza, kurasa mbili, Kiingereza bora kuliko chote nilichowahi kufundisha. Nilieleza desturi yetu kwa ukamilifu, bila aibu safari hii, nikamwomba abadilishe maneno matatu. Alijibu kesho yake. Aliguswa sana, alisema. Alisikitika. Alisema kwa upande wa kumbukumbu wangehitaji hati yoyote inayoonyesha kwamba mzee ni mwana wa marehemu, hata cheti cha kuzaliwa tu, kwa sababu maelezo yaliyo kitabuni yalitolewa na familia yenyewe na kutiwa sahihi. Familia yenyewe ni mimi. Cheti cha kuzaliwa, kwa mtoto wa kijijini wa enzi ile, ni nani aliyekuwa anakiandika? Wao ndio waliokuwa na kalamu.

Nilienda mpaka kwenye kopo la biskuti. Nilipekua kila karatasi mbele yake, akinitazama. Kadi ya ubatizo ilikuwa na jina la babu kama jina lake la pili. Kitambulisho kilikuwa nalo. Barua ya reli ilikuwa nalo. Cheti changu cha ualimu, kinachoning'inia ukutani sebuleni, kina jina hilohilo mwishoni, na watoto wote niliowafundisha waliniita kwa jina la mtu yule aliyeachwa kando ya njia. Nilizipiga picha zote nikazituma. Jibu likaja kwamba majina yanaweza kurithiwa kwa njia nyingi, na kwamba kamati yao italiangalia jambo hilo katika mkutano wao ujao. Mpaka ninapoandika haya, nafikiri bado wanaliangalia.

Sikumficha baba. Nilimsomea majibu yote mawili kwa Dholuo, neno kwa neno, kama nilivyopaswa kufanya siku ile ukumbini. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ni sawa. Wana utaratibu wao." Akageukia ukuta.

Mvua za mwaka huo zilipoanza, miguu ilimvimba, pumzi ikawa fupi. Tulimpeleka hospitali asubuhi. Nesi wa wodi alikuwa mwanamke mchangamfu, ubao wa fomu kifuani, akavuta kiti karibu na kitanda.

"Mzee, jina ya baba yako nani?"

Swali hilo baba alikuwa amelijibu maisha yake yote, kanisani, karakanani, kwa chifu, kwenye kura. Alikuwa akilijibu kabla halijaisha. Safari hii alinigeuzia kichwa juu ya mto.

"Muulize Mwalimu," akasema. "Yeye ndiye hujua watoto ni wa nani."

Nesi akacheka, akadhani mzee ana utani. Nikacheka na mimi, ili asije akauliza. "Haya Mama, basi jaza wewe," akasema, akanikabidhi ubao na kalamu, akaenda kwa kitanda kingine.

Nilijaza. Kwenye jina la baba wa mgonjwa niliandika jina la yule wa Rufiji, herufi kubwa, nikikandamiza mpaka karatasi ya chini ikachoreka. Hakuna aliyehesabu miaka. Nilipomaliza niliinama nikamsomea sikioni, kwa Dholuo, jina lake, kisha mwana wa, kisha jina la baba yake.

Alifumba macho. Nilidhani hakusikia, nikaanza kurudia.

"Nimesikia," akasema. "Lakini kule kwao umeandika vingine."

Nilibaki nimeshika ule ubao mpaka nesi aliporudi kuuchukua. Baba hakuniambia neno lingine tena hadi Alhamisi ya wiki hiyo, alipokufa.